Jibu la Haraka na Sera Iliyo Nyuma Yake: Uhakiki wa Utafutaji wa Ruhusa katika SELinux kwa Mtazamo wa Dzaleka na Lilongwe

Ikisiri

Mfumo endeshi wa kompyuta huulizwa maswali ya ruhusa maelfu ya mara kwa sekunde, nao humudu kujibu kwa kuhifadhi maamuzi yaliyokwisha kutolewa badala ya kuamua upya kila mara. Makala hii inahakiki mbinu hiyo kama inavyodhihirika katika SELinux, sehemu ya ulinzi iliyomo ndani ya kiini cha Linux na katika simu za Android. Hoja kuu ni kwamba kasi ya jibu haitoshi kuwa kipimo cha ubora wa udhibiti. Vinapendekezwa vipimo vitatu: namna jibu linavyomtambua mwombaji, namna linavyobatilishwa sera inapobadilika, na iwapo anayekataliwa hufikiwa na sababu. Vipimo hivyo vinatumika kisha kutazama uandikishaji wa wakimbizi kambini Dzaleka na maagizo ya mwaka 2021 na 2023 yaliyowahusu wakimbizi walioishi Lilongwe.

1.0 Utangulizi

Kambi ya Dzaleka iko katika wilaya ya Dowa, kilomita zipatazo 45 kutoka Lilongwe. Kabla ya kufunguliwa kwa wakimbizi mwaka 1994, mahali hapo palikuwa gereza la zama za Rais Hastings Kamuzu Banda. Kambi iliyokusudiwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000 ilikuwa na zaidi ya 50,000 kufikia mwaka 2023, wengi wao wakitoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili, hasa cha mashariki ya Kongo, ndicho kinachowaunganisha wengi wao sokoni, kanisani, msikitini na kwenye foleni ya mgao.

Aghalabu Dzaleka hutajwa kama mahali ambapo teknolojia huchelewa kufika. Historia inasema vingine. Mwishoni mwa mwaka 2013, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) liliijaribu hapo mifumo yake mipya ya utambuzi kwa alama za mwili: vidole kumi, mboni za macho yote mawili na picha ya uso. Jaribio hilo lilitangulia kuenezwa kwa mfumo huo katika nchi nyingine. Katika kipindi hichohicho, mfumo mwingine wa ruhusa uliingia kambini bila tangazo lolote, ukiwa mfukoni mwa watu. Kuanzia toleo la 5.0 la mwaka 2014, kila simu ya Android huendeshwa chini ya SELinux ikiwa katika hali ya kutekeleza sera, si ya kuonya tu.

Mifumo hiyo miwili haina nasaba ya kiufundi. Inayowekwa pamoja hapa ni mantiki yao: yote hupokea swali kuhusu mwombaji, hutafuta katika hifadhi, na hurudisha jibu kwa haraka. Mmoja uko wazi kabisa kwa uchunguzi, kwa kuwa matini yake ya programu yanasomwa na yeyote. Kwa hiyo unafaa kuwa shule ya kujifunzia maswali ambayo mwingine unapaswa kuulizwa.

2.0 Namna jibu linavyotafutwa

Usanifu ulioizaa SELinux unaitwa Flask. Ulikuzwa na Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani pamoja na Chuo Kikuu cha Utah na kampuni ya Secure Computing, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 1999. SELinux yenyewe ilitolewa kwa umma Desemba 2000, ikaingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2003. Wazo lake la msingi ni kutenganisha kazi mbili: kuamua na kutekeleza. Sehemu moja, inayoweza kuitwa mwamuzi, ndiyo pekee inayoijua sera. Sehemu nyingine zinazosimamia faili, mawasiliano na programu hazijui sera. Huuliza, kisha hutii jibu.

Swali lina viungo vitatu: lebo ya mwombaji, lebo ya kitu kinachoombwa, na jamii ya kitu hicho, kwa mfano faili au saraka. Jibu si neno moja la ndiyo au hapana. Ni safu ya biti 32, kila biti ikisimamia tendo moja: kusoma, kuandika, kuendesha, kufuta na kadhalika. Hivyo swali moja huleta majibu ya matendo yote yanayohusu jamii hiyo.

Kumwendea mwamuzi ni ghali. Sera huandikwa kwa makundi, na lebo moja inaweza kuwamo katika makundi mengi. Mwamuzi hulazimika kuvipitia vikundi vya mwombaji na vya kitu, jozi baada ya jozi, akitafuta kanuni ya kila jozi katika jedwali kubwa. Ndiyo sababu kukawekwa akiba ya maamuzi mbele yake. Akiba hiyo, ambayo kwa kawaida huwekewa kikomo cha maingizo 512, hukumbuka majibu ya karibuni. Katika matumizi ya kawaida programu hurudia matendo yaleyale, kwa hiyo sehemu kubwa ya maswali huishia kwenye akiba na mwamuzi hasumbuliwi.

Ustadi huu ni wa kusifiwa. Ulinzi unaochelewesha kazi huzimwa na watumiaji wenyewe, na ulinzi uliozimwa haumlindi mtu. Hata hivyo sifa hiyo inafichua jambo: kinachorudishwa kwa kasi si uamuzi bali kumbukumbu ya uamuzi. Uhakiki unaanzia hapo.

3.0 Kipimo cha kwanza: mwombaji ndani ya ufunguo

Kanuni za sera huhifadhiwa katika jedwali lenye visanduku. Viungo vitatu vya swali huchanganywa kwa fomula ili vizae namba ya kisanduku, na kanuni zinazoangukia kisanduku kimoja hupangwa kwa mnyororo. Mnyororo ukiwa mfupi, jibu huja upesi. Ukirefuka, kiini hupitia kanuni moja baada ya nyingine.

Kwa miaka mingi fomula hiyo ilikuwa ya kujumlisha tu. Namba ya jamii ya kitu ilichukuliwa kama ilivyo, namba ya lebo ya kitu ikasogezwa nafasi mbili za biti, na namba ya lebo ya mwombaji ikasogezwa nafasi tisa. Kisha jumla ikakatwa ili ienee katika jedwali. Jedwali lilipokuwa na visanduku 2,048, yaani biti kumi na moja, mwombaji alibakiwa na biti mbili tu za kuchangia. Waombaji mia tofauti waliweza kurundikwa katika nafasi nne zilezile. Jibu halikukosewa, kwa kuwa kila kanuni katika mnyororo hulinganishwa kikamilifu na swali kabla ya kukubaliwa. Kilichopotea ni muda.

Mwaka 2015 wasanidi walirekebisha hali hiyo, na takwimu walizoziambatisha zinaeleza zaidi ya sifa yoyote. Kwa sera yenye maingizo 101,421, mnyororo mrefu kuliko yote ulikuwa na viungo 374. Fomula mpya yenye mchanganyo bora iliupunguza hadi 81 bila kuongeza kisanduku hata kimoja. Visanduku vilipoongezwa hadi 32,768, mnyororo mrefu kabisa ukawa na viungo 12.

Funzo la kihakiki ni kwamba hatua ya kwanza haikuhitaji mali zaidi. Ilihitaji kumpa mwombaji uzito wake katika ufunguo. Mipango mingi ya huduma hukimbilia kuongeza visanduku, yaani madirisha, mashine na karani, ilhali kasoro iko katika namna swali lilivyoundwa. Palipo na msongamano, swali la kwanza liwe: je, mfumo unamtofautisha mwombaji huyu na yule, au unawarundika?

4.0 Kipimo cha pili: jibu lililopitwa na sera

Hatari kubwa ya akiba ni kuendelea kutoa jibu la jana kwa sera ya leo. SELinux imelizingatia jambo hili kuliko mifumo mingi. Kila sera mpya inapopakiwa, akiba yote hufutwa na namba ya mfuatano huongezwa, ili uamuzi uliokokotolewa chini ya sera ya zamani usiingizwe kimakosa katika akiba mpya. Zaidi ya hayo, faili iliyokwisha kufunguliwa haiachwi kuwa mlango wa kudumu: programu inapotaka kuisoma au kuiandika tena, kiini hutazama kama sera au lebo imebadilika, na ikiwa imebadilika huuliza upya.

Liko pengo moja linalojulikana. Faili ikishaunganishwa moja kwa moja na kumbukumbu ya programu, usomaji wake haupiti tena kwa mlinzi, na ruhusa hiyo haiondolewi hadi muunganiko uvunjwe. Kwa mtaalamu wa usalama hiyo ni dosari. Baadaye itaonekana kwamba kwa mwanasheria jambo linalofanana nalo lina jina jingine.

Jambo la kuzingatia ni gharama. Kufuta akiba ya kompyuta hakuachi kovu. Swali la kwanza baada ya kufutwa huchelewa kidogo, la pili huenda kasi kama zamani. Programu haikulipa kodi ya pango juu ya jibu la jana wala haikumwandikisha mtoto shuleni kwa kulitegemea.

5.0 Kipimo cha tatu: sababu ya kukataliwa

SELinux inapokataa ombi, huandika katika daftari la ukaguzi: nani aliomba, aliomba tendo gani, juu ya kitu gani, na kwa lebo zipi. Kumbukumbu hiyo humwezesha msimamizi kujua kama amekosea mwombaji au imekosea sera. Hili ni jambo la kuigwa, kwa kuwa mfumo unakiri kwamba kukataa kwake kunaweza kuwa kosa lake mwenyewe.

Lakini pana kasoro mbili. Kwanza, sera inaweza kubeba kanuni za kunyamazisha, ambazo huamuru kwamba ukataaji fulani usiandikwe. Zilikusudiwa kulinda daftari lisijae maombi yasiyo na maana, na kwa lengo hilo zinafaa. Hata hivyo matokeo yake ni ukataaji usio na alama, na msimamizi mgeni anaweza kutumia siku nzima akitafuta hitilafu ambayo mfumo umeamriwa usiitaje. Pili, daftari huandikwa kwa ajili ya msimamizi. Mwenye simu anayeona programu imegoma haoni sababu, wala haonyeshwi pa kukatia rufaa. Katika simu hilo ni usumbufu. Katika maisha ya mtu ni jambo zito zaidi.

6.0 Kutoka kwenye kiini hadi kambini

Kulinganisha programu na mtu kunahitaji tahadhari. Programu haina utu wala kumbukumbu ya kudhulumiwa. Ulinganisho huu haudai kwamba wakimbizi huendeshwa kama kompyuta. Unadai tu kwamba kipimo kinachoonekana cha lazima kwa programu hakiwezi kuwa anasa kwa mtu.

Kuhusu kipimo cha kwanza, utambuzi wa alama za mwili ni ufunguo ulio bora sana. Humtofautisha kila mmoja na mwenzake, huzuia mgao wa mtu kuchukuliwa na mwingine, na kufupisha foleni kwa mama aliyebeba mtoto juani ni huruma ya kweli. Lakini mfumo huo hujibu swali la "ni nani?" tu. Swali la "ana ruhusa gani?" hujibiwa na sera, na sera yenyewe ni ya zamani kuliko kambi. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mnamo Desemba 1987, ikaweka hifadhi juu ya vifungu kadhaa, vikiwemo vya ajira, elimu, uraia na uhuru wa kutembea. Juu ya kifungu cha 26, ilijiwekea haki ya kuwapangia wakimbizi mahali pa kuishi na kuwazuia kutembea pale usalama wa taifa au utulivu wa umma utakapohitaji. Sheria ya Wakimbizi ikafuata mwaka 1989. Mwaka 2013, kwa hiyo, ufunguo wa karne ya ishirini na moja uliingizwa katika jedwali la karne ya ishirini. Mfumo unamjua kila mtu kwa mboni za macho yake. Sera inamjua kwa neno moja, mkimbizi.

Kipimo cha pili kinagusa jeraha lenyewe. Kwa miaka mingi wakimbizi waliishi na kufanya biashara Lilongwe na miji mingine. Maduka yalifunguliwa, nyumba zikapangwa, watoto wakasoma. Kila jambo miongoni mwa hayo lilikuwa jibu lililohifadhiwa: hata pale ambapo sera ya maandishi haikubadilika, utekelezaji wake uliruhusu, nao watu wakajenga juu ya ruhusa hiyo. Aprili 2021 serikali iliwaamuru walio nje ya kambi warejee Dzaleka. Amri hiyo ilipingwa mahakamani na kusimamishwa kwa muda. Machi 2023 lilitolewa agizo jipya, na Mei mwaka huo polisi walianza kuwakamata na kuwahamisha watu kwa nguvu jijini Lilongwe, wakiwemo watoto, baadhi wakishikiliwa kwanza katika gereza la Maula. Walirudishwa katika kambi iliyokuwa imekwisha kuzidi uwezo wake mara kadhaa.

Kwa lugha ya kompyuta, akiba yote ilifutwa kwa mkupuo. Tofauti ni kwamba hapa aliyelipa gharama ni mwombaji. Duka lililofungwa halifunguki lenyewe swali litakapoulizwa tena. Ndipo lile pengo la kumbukumbu iliyounganishwa linapogeuka sura. Ruhusa isiyoondoka mara moja kwa sababu tayari imefumwa na kazi inayoendelea ni dosari katika mashine. Katika sheria za nchi nyingi, kulinda maslahi ambayo mtu aliyapata kwa nia njema chini ya utaratibu wa awali ni dalili ya ustaarabu. Mshauri wa sera anayevutiwa na wepesi wa kufuta rejista kwa amri moja hana budi kuuliza ni nini kimefumwa ndani yake.

Kuhusu kipimo cha tatu, tatizo la kanuni za kunyamazisha linawahusu wanadamu zaidi. Agizo la jumla halihitaji kueleza sababu kwa mtu mmoja mmoja, kwa maana halimtazami mtu mmoja mmoja. Anayehamishwa haelewi kama ametuhumiwa kwa kosa, amekosa karatasi, au amewekwa tu katika kundi. Rejista inayoweza kumtambua kwa nukta chache za sekunde ina uwezo wote wa kumwandikia sababu. Kutofanya hivyo ni uchaguzi.

7.0 Haki, ruhusa na kibali

Fasihi ya Kiingereza kuhusu udhibiti wa ufikiaji huzungumzia haki na ruhusa kana kwamba ni kitu kimoja. Kiswahili hakilazimiki kuurithi mchanganyiko huo. Haki ni stahili aliyo nayo mtu hata pale inaponyimwa. Ruhusa ni kauli ya mwenye mamlaka, na mtoaji aweza kuiondoa. Kibali ni ruhusa iliyoandikwa, yenye tarehe na mwisho wake. Kinachohifadhiwa katika akiba ya SELinux ni ruhusa. Kinachobebwa na mkimbizi atokaye kambini kihalali ni kibali. Hakuna jedwali linaloweza kuhifadhi haki. Jedwali huhifadhi namna haki hiyo ilivyotambuliwa au kukataliwa siku fulani.

Wanaotunga istilahi za Kiswahili za taaluma hii watafanya jambo la maana wakilinda mpaka huo. Hati ya mradi ikisema kwamba mfumo "unawapa wakimbizi haki" ya kuingia sokoni, tayari imewafanya watumishi wa mfumo kuwa watoaji wa kile wasichokimiliki. Wahenga waliposema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, hawakulizungumzia jembe kama hisani. Waliliona kuwa ndilo linalomtoa mgeni katika ugeni. Dzaleka ilikwisha kuvuka siku ya tatu mwaka 1994 wenyewe.

8.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba SELinux inastahili heshima kwa sababu kasi yake haikutenganishwa na maswali magumu: wasanidi waliupima mnyororo mrefu kabisa wala hawakuridhika na wastani, waliifunga akiba kwa namba ya mfuatano, na waliandika sababu za kukataa. Inastahili pia lawama pale inaporuhusu ukataaji wa kimya na kumwacha mwenye kifaa gizani.

Kwa watafiti na washauri wanaoandaa rejista za kidijitali za wakimbizi, yanafuata mambo manne. Mosi, anayetambua asiwe ndiye anayeamua, jibu la "ni nani?" lisigeuzwe kimyakimya kuwa jibu la "aende wapi?". Pili, kila ruhusa iandikwe pamoja na sera iliyoizaa na tarehe yake, ili sera ikibadilika ijulikane ni nani ataguswa, naye ajulishwe na apewe muda kabla ya kuguswa. Tatu, kila kukataliwa kuandikwe sababu katika lugha anayoisoma au kuisikia mhusika, kikiwemo Kiswahili cha Kongo, Kirundi, Kinyarwanda na Kichewa, pamoja na mahali pa kukatia rufaa. Nne, ufanisi upimwe kwa mnyororo mrefu kuliko yote: si wastani wa sekunde dirishani, bali aliyesubiri zaidi ya wote kujibiwa, na miaka aliyosubiri.